Mamwinyi wa Lucknow na ufalme ulioporwa kwa mkataba

Wengi wakimaliza kuitazama filamu ya Shatranj Ke Khilari (Wachezaji wa Sataranji) hutoa hukumu ya haraka: mabwana wawili walishughulika na sataranji huku nchi yao ikinyakuliwa na Waingereza, basi wamevuna walichopanda. Hukumu hiyo naiona nyepesi mno, na inamkosea aliyeitengeneza filamu. Ukiifuatilia kwa makini utaona inatupeleka kwenye swali jingine: uvivu wa watu wale ulitoka wapi, na nani alifaidika kwa kuutangaza? Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji anipime nalo. Uvivu wa mamwinyi wa Lucknow ulikuwa wa kweli, na ndani ya nyumba zao uliumiza watu. Lakini ufalme haukuanguka kwa sababu yao. Walioubomoa ndio hao hao waliokuwa wamewanyang'anya kazi nusu karne nyuma, kisha wakawashitaki kwa kukosa kazi.

Satyajit Ray, Mbengali wa Calcutta, aliitoa filamu hii mwaka 1977. Ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza nje ya Kibengali. Watu wake wanazungumza Kiurdu na Kihindi, na Waingereza wanazungumza Kiingereza chao. Msingi wake ni hadithi fupi ya Munshi Premchand iliyotoka mwaka 1924. Kwa sisi wa Afrika Mashariki tuliokua na sinema za Kihindi, sura zake si ngeni. Amjad Khan, yule Gabbar Singh wa Sholay, hapa ni mfalme mshairi Wajid Ali Shah. Sanjeev Kumar, aliyekuwa Thakur aliyekatwa mikono, ndiye Mirza Sajjad Ali. Sauti inayosimulia ni ya Amitabh Bachchan. Mwenzake Mirza kwenye mchezo, Mir Roshan Ali, ni Saeed Jaffrey, na Jenerali James Outram anachezwa na Richard Attenborough. Anayeingia akitarajia farasi na milio ya bunduki atachoka mapema. Katika filamu nzima bunduki inalia mara moja tu, tena kwa bahati mbaya.

Kisa kinatokea Lucknow, mji mkuu wa Awadh, mwanzoni mwa mwaka 1856. Awadh ilikuwa nchi tajiri ya bonde la Ganga, watawala wake Waislamu wa madhehebu ya Shia, raia wake wengi Wahindu, na mji wake ukisifika India nzima kwa lugha, mashairi, dansi ya kathak na adabu za kupokeana. Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki ilikuwa imeshaizunguka pande karibu zote. Katika wiki chache zile Kampuni inamtaka mfalme atie sahihi mkataba wa kuiachia nchi, alipwe posho ya rupia 1,200,000 kwa mwaka, abaki na cheo bila mamlaka. Mfalme anakataa kutia sahihi. Tarehe 7 Februari 1856 nchi inatangazwa kuwa mali ya Kampuni. Wakati huohuo Mirza na Mir wanahangaika kutafuta mahali pa kuchezea sataranji bila kusumbuliwa.

Bila kujua yaliyotangulia, mtu hawezi kuwahukumu wawili hawa kwa haki. Mwaka 1801, enzi za Gavana Mkuu Wellesley, mtawala wa Awadh Saadat Ali Khan alibanwa akasaini mkataba uliochukua karibu nusu ya nchi yake, yenye rutuba nzuri kabisa. Nusu iliyobaki alitakiwa aiongoze kwa kufuata ushauri wa Kampuni. Jeshi lake alitakiwa alipunguze mpaka libaki dogo la kukusanya kodi na kusindikiza misafara ya heshima, na ulinzi wa nchi ukawa mikononi mwa askari wa Kampuni. Ni sawa na kumlipa mlinzi ambaye ndiye anayekaa na funguo za nyumba yako. Na Lucknow kwenyewe alikuwepo Rezidenti, mwakilishi wa Kampuni, ambaye kila jambo kubwa lilipita kwake. Wazanzibari wanakifahamu cheo hicho, maana nao waliishi chini ya Rezidenti wa Kiingereza tangu 1913 hadi 1963, sultani akiwepo na taji lake.

Watawala waliofuata waliikopesha Kampuni mamilioni ya rupia, pamoja na fedha za vita vya Nepal. Mwaka 1819 Kampuni ikampa moyo Ghazi-ud-din Haidar ajiite mfalme badala ya nawabu, yaani liwali wa mfalme wa Mughal aliyekaa Delhi, ili uzito wa Delhi upungue. Cheo kilipanda, mamlaka hayakuongezeka hata chembe. Mwaka 1837 ukaandikwa mkataba mwingine: nchi ikiongozwa vibaya, Kampuni ingeweza kushika utawala kwa muda, lakini kwa kuheshimu taratibu za wenyeji na kwa nia ya kuirudisha. Wakurugenzi kule London wakaukataa mkataba huo, ila mfalme hakuelezwa waziwazi kwamba umekufa wote. Mpaka 1856 watu wa Awadh walikuwa bado wanautegemea.

Ray anayapitisha mengi ya haya kwa njia ambayo mwanzoni unaweza kudhani ni mzaha wa kuchangamsha watazamaji: katuni fupi. Lord Dalhousie, Gavana Mkuu aliyeongoza kuanzia 1848, aliwahi kuandika katika barua kwamba Awadh ni tunda la cheri litakalowadondokea mdomoni siku moja. Ray anayachora matunda hayo, kila moja na jina la nchi, Punjab, Burma, Nagpur, Satara, Jhansi, yanaliwa moja baada ya jingine hadi linabaki moja. Kwa hiyo kabla hatujamjua vizuri Mir wala Mirza, tumeshaonyeshwa aliyekaa mezani ana njaa ya nini. Naona wengi wanaisahau katuni hii wanapofika mwisho, wakati ndiyo inayopaswa kutuongoza katika kila tukio linalofuata. Uamuzi ulikwishapita. Kilichokuwa kinatafutwa ni sababu ya kuuandikia.

Sasa tuwatazame mamwinyi wenyewe. Mirza na Mir ni watu wa jagiri, mashamba na vijiji ambavyo mababu zao walizawadiwa na watawala. Msimulizi anatuambia mababu hao walikuwa maofisa wa jeshi la Burhan-ul-Mulk, mwanzilishi wa ukoo uliotawala Awadh tangu 1722. Panga zao zimetundikwa ukutani, na wajukuu wanawaonyesha wageni. Wao wenyewe wanaishi kwa kipato cha vijiji ambavyo hatuwaoni wakivikanyaga. Asubuhi hukutana nyumbani kwa Mirza, watumishi wanatandika, hukka, kiko cha maji, inaletwa, paani inatafunwa, na kete zinapangwa. Shali zao ni za kupendeza, lugha yao ni tamu, kila mmoja anamsifu mwenzake hata anapomnyang'anya waziri wake kwenye ubao.

Jiulize, watu hawa wangefanya kazi gani? Jeshi ambalo lingekuwa kazi yao halipo. Ofisi za nchi zinasimamiwa kwa jicho la Rezidenti. Biashara haikuwa desturi ya tabaka lao, na hata hazina ya nchi ilikuwa ikivuja kuelekea Kampuni kwa jina la mikopo na gharama za ulinzi. Mfumo uliowekwa mwaka 1801 uliwaachia kipato bila wajibu. Ukiwapa watu mapato ya vita huku vita umewaondolea kwa vizazi viwili, utapata Mir na Mirza. Ray anaonyesha pia kwamba si wao peke yao: mitaani Lucknow watu wa kawaida wanarusha tiara, wanapiganisha majogoo na kondoo dume, wanacheka. Mji mzima ulikuwa umefundishwa kuishi bila kufikiria kesho kwa sababu kesho yake ilikuwa ikipangwa kwingine.

Hapo ndipo utetezi wangu kwao unapoishia, maana nyumbani walikuwa na wajibu na hawakuutimiza.

Tukio la Khurshid, mke wa Mirza, ndilo linaloniuma kuliko yote. Shabana Azmi analicheza bila kupaza sauti zaidi ya inavyohitajika. Usiku umeingia, mchezo haujaisha, naye anamtuma mjakazi akamwite bwana ndani, anasema kichwa kinamuuma. Mirza anakuja shingo upande. Khurshid hana maumivu ya kichwa, anamtaka mumewe. Anamvuta, anamzungumzisha, anamgusa. Mirza anajaribu, na mwili wake haumtii, kwa sababu akili imebaki kwenye ubao kule barazani. Uso wa Shabana Azmi unabadilika taratibu kutoka matumaini mpaka aibu mpaka hasira, na kamera ya Soumendu Roy inakaa pale pale, haimkimbii. Baadaye Khurshid anazificha kete. Watu wazima wawili wanababaika kama waliofiwa. Wanakwenda nyumbani kwa mwanasheria mgonjwa kwa sababu wanajua ana seti ya sataranji, na huku mwenye nyumba anakata roho, macho yao hayabanduki kwenye ubao wake. Wakirudi bila kitu wanapanga mboga na viungo vya jikoni mahali pa kete, mchezo unaendelea.

Kwa Mir mambo ni tofauti na ni yale yale. Mkewe Nafeesa, anayechezwa na Farida Jalal, anafurahi mumewe akiondoka, kwa kuwa yupo Aqeel, kijana wa ukoo, anayekuja kumliwaza. Siku Mir anapowafuma, kijana anadai amejificha kwa sababu wanajeshi wanasaka watu wa kuandikisha. Mir anaiamini habari hiyo, au anaamua kuiamini kwa kuwa inamfaa zaidi kuliko ukweli. Papo hapo anapata hofu mpya: isije ikawa na yeye ataitwa vitani. Mjukuu wa maofisa wa Burhan-ul-Mulk anatafuta pa kujificha.

Katikati ya hayo anaingia Munshi Nandlal, rafiki yao Mhindu, na kuwasimulia jinsi Waingereza wanavyocheza sataranji. Kwao askari anaweza kuruka nyumba mbili katika hatua yake ya kwanza. Mahali pa waziri wameweka malkia. Mchezo wao ni wa haraka. Mir na Mirza wanashangaa: mchezo uliozaliwa India, wageni wameuchukua na kuubadili sheria. Yote yaliyofanywa na mikataba ya 1801 na 1837, na kile cheo cha 1819, yamo katika maelezo hayo ya Nandlal, na waliokaa mbele yake wanaishia kuona ni ajabu ya mchezo tu. Napenda namna Ray asivyowasukuma waelewe.

Tukio ambalo kila mchambuzi analirudia ni la Outram, Rezidenti wa wakati huo, na msaidizi wake Kapteni Weston ofisini, nami nalirudia kwa sababu ndani yake kesi nzima inasikilizwa, ila mshitakiwa hayupo. Outram ana taarifa ya mambo aliyoyafanya mfalme kwa siku nzima. Anasali sala tano. Anarusha tiara. Anasikiliza waimbaji. Ana wake wa muta, yaani wa ndoa ya muda, na Outram anataka aelezwe muta ni nini. Anatunga mashairi, na Outram anamtaka Weston asome moja. Weston, anayekijua Kiurdu na anayelipenda shairi lile, analisoma kwa Kiurdu kisha analieleza kwa Kiingereza. Outram halioni lolote ndani yake. Mfalme anacheza dansi amefunga njuga miguuni, na hilo ndilo linalomkera Outram kuliko yote. Mwisho anatoa hukumu kwamba huyu ni mfalme mbaya, asiyefaa kitu, aliyejaa mambo ya kike.

Sikiliza mashitaka hayo yalivyopangwa. Sala, tiara, nyimbo, wake, shairi, njuga. Hakuna hata moja linalohusu mkulima wa Awadh, kodi yake, usalama wake barabarani au mahakama ya kijijini kwake. Malalamiko ya namna hiyo yalikuwepo kweli. William Sleeman, aliyekuwa Rezidenti kabla ya Outram, alizunguka nchi mwaka 1849 na 1850 akaandika kwa kirefu jinsi wakubwa wa mashamba walivyowatesa wakulima na jinsi serikali ilivyoshindwa kuwazuia. Siwezi kuyapuuza aliyoyaandika. Lakini Sleeman huyo huyo alishauri Kampuni isiichukue nchi. Aliona utawala urekebishwe na mapato yabaki kwa watu wa Awadh wenyewe. Kampuni ikazitumia kurasa za lawama na kuuacha ushauri. Sleeman alifariki baharini akirejea Uingereza tarehe 10 Februari 1856, siku tatu baada ya nchi kuchukuliwa.

Attenborough anamcheza Outram kama mtu ambaye dhamiri inamsumbua. Anajua kwamba mkataba wa 1801 haumpi ruhusa ya kumvua mtu ufalme, anajua pia uchafu wa habari ya ule wa 1837, na kwa daktari wake Fayrer anakiri kwamba kazi aliyopewa haipendi. Ila anaifanya. Ndiyo maana hasira yake juu ya njuga za mfalme inaeleweka. Mtu akitumwa kumdhulumu mwenzake, itamrahisishia kazi akimdharau kwanza.

Na mfalme? Ray hakumfanya shujaa, na hapo alijiletea ugomvi. Mwaka 1978 Rajbans Khanna alimshambulia katika jarida la Illustrated Weekly of India, akasema filamu imerudia picha ya Wajid Ali Shah iliyochorwa na Waingereza, picha ya mtu mlegevu wa anasa. Ray alimjibu kwa makala ndefu katika jarida hilo hilo, akaeleza vitabu na kumbukumbu alizosoma, na akasisitiza kwamba mfalme wake ana utu na hadhi ambayo mshambuliaji hakuiona. Nikiwekwa kati ya wawili hao, sehemu kubwa naegemea kwa Ray. Mtazame Amjad Khan katika kikao na mawaziri wake. Waziri mkuu Ali Naqi Khan anatoka kwa Rezidenti akilia, na mfalme anamwambia kwamba machozi ya mwanamume anayajua kutoka kwenye mashairi na muziki tu. Kisha anaanza kujihoji mbele yao. Anakiri hakuitaka kazi hii na hakuijua. Anawalaumu walivyomdanganya kwamba mambo ni shwari. Anauliza ni mfalme gani mwingine ambaye raia zake wanaimba nyimbo alizozitunga. Anafikiri kupigana, anaacha. Ni mtu mwenye kipaji kikubwa aliyewekwa kwenye kiti kisichohitaji kipaji hicho.

Lakini Khanna naye ana jambo lake ambalo Ray alilipita haraka. Wanaomtetea mfalme husimulia kwamba mwanzo wa utawala wake, mwaka 1847 na baada yake kidogo, aliunda vikosi vipya na kuhudhuria gwaride mwenyewe asubuhi, hadi Rezidenti alipoonyesha kutopendezwa. Kisa hicho kingekuwemo katika filamu, mtazamaji angeona mwanzo wa uvivu mwenyewe: mfalme kijana anaamka alfajiri kufanya kazi ya mfalme, anaambiwa asijisumbue, anarudi kwenye ngoma zake, na baada ya miaka tisa anashitakiwa kwa ngoma. Filamu inatupa matokeo, chanzo tunakitafuta wenyewe kwenye vitabu. Upungufu huo ndio unaowaachia watu mwanya wa kusema ilikuwa ni uzembe tu.

Dansi yenyewe Ray aliiheshimu. Alimwita Birju Maharaj, ambaye ukoo wake ulikuwa na walimu wa kathak katika kasri la Lucknow, atengeneze tukio ambalo Saswati Sen anacheza mbele ya mfalme. Tukio linaachiwa muda wake wote. Hatuonyeshwi mfalme akitokwa na mate kwa mcheza ngoma. Tunaonyeshwa mtu anayeijua sanaa akiifuata hatua kwa hatua. Mtu akilitazama na bado akaita anasa tupu, atakuwa amekaa kiti kimoja na Outram.

Mama yake mfalme ana tukio moja tu, na linatosha. Anampokea Outram akiwa nyuma ya pazia, Outram anaahidi posho nono ikiwa atamshawishi mwanawe, na yeye anaikataa na kutaja kwamba haki ataifuata kwa Malkia wa Uingereza mwenyewe. Katika historia alikwenda kweli. Malika Kishwar aliondoka na msafara wake mwaka 1856 mpaka London, hakupata alichofuata, akafariki Paris mwaka 1858 na kuzikwa kwenye makaburi ya Père Lachaise. Mwanamke wa ndani, wa pazia, alivuka bahari kudai nchi.

Siku ya kukabidhi, mfalme anavua taji kichwani na kumnyooshea Outram kwa mikono miwili. Historia inasema kilikuwa kilemba. Outram hajui alishike au asilishike. Hana maelekezo ya namna ya kupokea taji la mtu. Mfalme anamwambia kichwa atakifunua mbele yake, lakini sahihi hatoi. Wapo wanaoona hapo udhaifu. Mimi naona ni hatua pekee ya busara katika ubao ule, kwa sababu Kampuni ilihitaji sahihi kuliko ilivyohitaji nchi. Nchi ilikuwa nayo tayari, askari wakiwa njiani kutoka Kanpur. Bila sahihi, ilibaki imeichukua tu, na kila mmoja akajua imeichukua.

Turudi kwa wawili wetu. Wamevuka mto Gomti wakitafuta msikiti wa magofu waliodhani upo, hawaupati, wanaketi nje kwenye kijiji ambacho watu wamekihama kwa kuogopa jeshi. Kalloo, mtoto wa kijijini, anawahudumia. Mchezo unachacha, Mir anazidiwa, maneno yanakuwa makali, na Mirza anamtolea mwenzake siri ya Nafeesa na Aqeel ambayo mji mzima unaijua. Mir anachomoa bastola. Wakati huohuo Kalloo anapiga kelele kwamba jeshi la Waingereza linapita, kidole kinateleza, risasi inamkosakosa Mirza. Mir anakimbia kwa aibu, na kwa mbali wanalitazama jeshi la Kampuni, askari, farasi, tembo na mizinga, likiingia Lucknow bila mtu kulizuia.

Katika hadithi ya Premchand wanauana kwa panga, ndani ya magofu, kwa ajili ya mfalme wa mbao wakati mfalme wa kweli hawakumtolea hata tone la chozi. Ni mwisho mkali na umenyooka. Ray aliubadilisha: mabwana wanarudiana, Mir analalamika atacheza na nani sasa, na Mirza anamtaka wapange upya, safari hii kwa sheria za Waingereza. Waziri anaondoka, Malkia Victoria anakaribia. Na wanasubiri giza, maana wote wawili wanahitaji usiku ili warudi mjini bila nyuso zao kuonekana.

Nakubaliana na mabadiliko hayo. Wangekufa, tungewaita angalau wajasiri wa kijinga na kuwasamehe. Wakiwa hai, wanaingia katika utawala mpya wakiwa na kipato chao, shali zao na mchezo wao wenye sheria mpya, na ndivyo ilivyokuwa kwa wengi wa tabaka hilo kila mahali Waingereza walipotawala kwa mikataba. Anayewataka wafe anataka historia iwe nadhifu kuliko ilivyokuwa.

Ninachomlaumu Ray ni pale alipofunga. Filamu inakoma Februari 1856, na mtazamaji asiyejua historia ataondoka akiamini Awadh ilimezwa kimya kimya na ikaisha. Mwaka uliofuata nchi hiyo ndiyo iliyowaka kuliko nyingine. Askari wengi wa jeshi la Bengal la Kampuni walikuwa watoto wa wakulima wa Awadh, na nchi yao kuchukuliwa bila vita kuliwauma. Makazi ya Rezidenti mjini Lucknow yalizingirwa kwa miezi, na Henry Lawrence, aliyekuwa ameshika cheo cha juu pale, aliuawa Julai 1857. Wajid Ali Shah wakati huo alikuwa Calcutta, ambako Waingereza walimfungia ndani ya Fort William wasije waasi wakamfanya kiongozi. Aliishi Matiaburj, kitongoji cha Calcutta, akajenga Lucknow nyingine ndogo ya wanamuziki, wachezaji na wanyama, hadi alipofariki mwaka 1887.

Aliyeongoza Lucknow vitani alikuwa Hazrat Mahal, mke aliyekuwa ametalikiwa na kuachwa nyuma mfalme alipoondoka. Aliingia kasri kupitia Pari Khana, nyumba ya wanafunzi wa ngoma na uimbaji ambayo Outram na wenzake waliitaja kama ushahidi wa upuuzi wa mfalme. Alimvika taji mwanawe Birjis Qadr akiwa bado mtoto, akaongoza kwa jina lake hadi mji ulipochukuliwa tena Machi 1858. Tarehe 1 Novemba mwaka huo Malkia Victoria alitangaza kuitwaa India kutoka kwa Kampuni, akaahidi kuheshimu mikataba na dini za watu. Hazrat Mahal akatoa tangazo lake la kulijibu, kipengele kwa kipengele, akakumbusha mikataba ambayo Kampuni ilikuwa imeivunja, na akauliza: ikiwa Malkia ndiye mtawala sasa, kwa nini asiturudishie nchi yetu wakati watu wetu wanaitaka? Hakujibiwa. Alivuka mpaka kuingia Nepal, akakataa posho ya Waingereza, na alifariki Kathmandu mwaka 1879.